Mlezi wa Mwalimu Mpya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ajira zinapotoka na walimu kuanza kuripoti vituoni, maswali ni yaleyale. Huulizwa na wakuu wa shule waliopokea walimu watatu kwa mpigo, na walimu wakongwe walioambiwa tu "huyu utamshika mkono wewe", na walimu wapya wenyewe, ambao mara nyingi huuliza kwa sauti ya chini. Majibu haya yanalenga zaidi shule za umma za Tanzania Bara, za msingi na sekondari. Mwalimu wa shule binafsi au wa Zanzibar atakuta ofisi zinaitwa majina mengine, lakini darasa ni lilelile.

Mwalimu mlezi ni nani hasa?

Ni mwalimu mzoefu wa shule hiyohiyo anayepewa jukumu la kumsaidia mwenzake aliyeanza kazi mpaka asimame mwenyewe. Si bosi wake. Mwalimu mkuu, au mkuu wa shule kwa sekondari, ndiye anayempangia kazi. Afisa Elimu Kata hupita kufuatilia. Wathibiti Ubora wa Shule, ambao wengi wetu bado tunawaita wakaguzi, huja kuipima shule nzima. Tume ya Utumishi wa Walimu ndiyo inayoshughulika na kuthibitishwa kazini, kupanda cheo na nidhamu. Wote hao, kwa haki kabisa, wanamtazama mwalimu mpya kwa jicho la kupima. Mlezi anatakiwa awe mtu mmoja pale shuleni ambaye mwalimu mpya anaweza kumwambia "jana kipindi cha sayansi kilinishinda" na neno hilo lisiende popote.

Shule nyingi humtwisha kazi hii mwalimu wa taaluma. Inaeleweka, kwa kuwa ndiye anayeshika ratiba na anajua nani anafundisha nini. Ila mwalimu wa taaluma ndiye pia anayekagua maandalio na kuripoti kwa mkuu nani hajaingia darasani. Kama kuna mtu mwingine anayefaa, mpeni huyo mwingine.

Mtu ametoka chuoni, kafanya mazoezi ya kufundisha, kapewa cheti. Mlezi wa nini tena?

Kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya chuoni, mwanachuo huazimwa darasa la mtu. Sheria za darasa zimeshawekwa, wanafunzi wanajua mwenye darasa yupo, na baada ya wiki chache anaondoka. Kuanza kazi ni kitu kingine: darasa ni lako Januari mpaka Desemba, na watoto wanakupima kuanzia dakika ya kwanza. Hakuna chuo kinachoweza kukufundisha namna ya kumrudisha darasani mtoto wa darasa la tano aliyepotea wiki mbili kwa sababu ya kuchunga.

Nchi hii ina uzoefu mrefu wa kuwaingiza walimu darasani kwa haraka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko kazini. Miaka ya 2000, sekondari za kata zilipoota kila mahali, waliingizwa vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya muda mfupi, na mitaani wakabandikwa jina la "voda fasta". Wengine kati yao leo ni wakuu wa shule wazuri tu. Ukiwauliza, watakutajia mwalimu fulani aliyewashika mkono katika kituo cha kwanza. Kejeli ya mitaani haikumfundisha yeyote kushika chaki.

Mwalimu anayefaulisha kuliko wote ndiye mlezi bora?

Si lazima, na mara nyingi siye. Hili ndilo kosa la kwanza wanalofanya wakuu wa shule.

Mwalimu aliyefundisha hisabati miaka 25 akapata A kila mwaka anafanya mambo mengi bila kujua kwamba anayafanya. Anaingia darasani, anasimama mlangoni kidogo, darasa linatulia. Ukimuuliza amefanyaje, atakwambia "ni kuwazoea tu". Jibu hilo halimsaidii mtu mwenye wiki ya pili kazini. Mlezi anahitaji kuweza kueleza: nilisimama mlangoni kwa sababu kona ile ya dirishani ndiyo huanza kelele, nikawatazama wao kwanza, nikataja jina la mmoja.

Kuna pia mwalimu hodari ambaye hawezi kuona kazi ikifanywa vingine. Kwake, njia ni yake. Atampokonya mwalimu mpya chaki katikati ya kipindi ili amwonyeshe. Watoto wataiona hiyo, na kesho yake hawatamsikiliza yule kijana.

Kama ningekuwa nachagua, ningetafuta mwalimu wa miaka mitano hadi kumi kazini, ambaye bado anakumbuka tumbo lilivyokuwa likimkata asubuhi za mwanzo, anayeingia darasani kwa wakati, na ambaye walimu wenzake tayari humfuata wakikwama hata kama hana cheo. Ningeangalia pia jambo moja dogo: ukimuuliza swali la somo asilolijua, anasema "sijui, tuangalie kitabu" au anabuni jibu? Anayebuni jibu mbele ya mwalimu mpya atamfundisha naye kubuni mbele ya wanafunzi.

Lazima wawe wa somo moja?

Sekondari, ikiwezekana, ndiyo. Mlezi wa historia hawezi kuona kwamba mwalimu mpya wa fizikia amechanganya uzito na tungamo. Shule ya msingi si lazima sana, ila madarasa ya chini ni ulimwengu wake. Mwalimu aliyezoea darasa la saba hajui lolote kuhusu kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kushika penseli, na akipewa kumlea mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) watapotezeana muda.

Pasipokuwa na mtu wa somo hilo, gawanyeni: mlezi wa shuleni ashike uendeshaji wa darasa, na mwalimu wa somo kutoka shule ya jirani aulizwe mambo ya somo.

Mlezi akiingia darasani akae wapi, na atazame nini?

Asikae mbele, wala asikae nyuma kabisa na daftari kubwa kama mkaguzi. Akae kwenye dawati, katikati ya watoto, na awatazame watoto.

Hapa ndipo walezi wengi wanapokosea, hata wale wenye nia njema. Wanamtazama mwalimu: amesimama vipi, ameandika tarehe ubaoni, sauti inafika, amevaa nini. Wakitoka wana orodha ya makosa kumi na mawili, na hawajui kama kuna mtoto hata mmoja aliyejifunza kitu.

Chukua kipindi cha hisabati darasa la pili. Mada ni kutoa namba za tarakimu mbili, pale ambapo mamoja hayatoshi na inabidi kuchukua kutoka kwenye makumi. Mwalimu mpya anafanya mfano ubaoni, vizuri kabisa, anauliza "Tumeelewaaa?" na darasa zima linaitika "Ndiyooo mwalimu!" Anatoa zoezi. Mlezi aliyekaa nyuma ataandika "kipindi kizuri, wanafunzi wamechangamka". Mlezi aliyekaa dawatini anachungulia daftari za watoto watano wa dawati lake na lile la mbele yake. Kwenye 52 kutoa 27, wanne wameandika 35. Hawakubahatisha. Wamechukua 7 wakatoa 2 wakapata 5, kisha 5 kutoa 2 wakapata 3. Kila mahali wametoa namba ndogo kwenye kubwa, kwa sababu tangu darasa la kwanza wameambiwa "kubwa haitoki kwenye ndogo". Kosa hilo lina mantiki yake, na halitaondoka kwa kurudia mfano uleule kwa sauti kubwa zaidi. Litaondoka kwa vijiti: mafungu matano ya kumikumi na vijiti viwili, halafu waambiwe watoe 27, walazimike wenyewe kufungua fungu.

Hilo ndilo la kwenda kumwambia mwalimu mpya. Jambo moja. Tarehe ubaoni itasubiri.

Vitu vingine vinavyofaa kutazamwa, kila kimoja kwa siku yake: ni watoto gani waliulizwa maswali (mara nyingi ni wale wa mbele, au wavulana watupu), mwalimu alisubiri kwa muda gani baada ya kuuliza kabla ya kujibu mwenyewe, na yule wa dawati la mwisho kabisa alifanya nini kipindi kizima.

Baada ya kipindi aongeeje naye?

Siku hiyohiyo, faragha, na kwa kuanza na swali. Isiwe ofisini mbele ya walimu wengine wanaokunywa chai. Chini ya mwembe panatosha.

Tuendelee na mfano wetu. Mlezi mbaya anaanza: "Madam, kipindi kilikuwa kizuri, ila..." Kila mwalimu anaijua hiyo "ila", ikishatoka, mengine hayasikiki. Mlezi mzuri anakuja na daftari mbili mkononi.

"Madam, swali la tatu lile, 52 kutoa 27. Unadhani wengi walipata ngapi?"

"25. Si waliitikia wote?"

"Hebu tazama hizi."

"Thelathini na tano... na huyu naye? Hawa wameangalizia."

"Hawakai pamoja. Hebu fuata mkono wa huyu wa kwanza, uone alianzia wapi."

Kisha anyamaze. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote kwa mtu aliyezoea kufundisha. Mwalimu mpya akiliona kosa mwenyewe, kesho atalitafuta kwenye daftari nyingine. Akionyeshwa, atalirekebisha hilo tu. Halafu wamalizie kwa kupanga wazi kipindi kijacho kitaanzaje, na nani ataleta vijiti.

Sifa za jumla hazisaidii pia. "Unajitahidi sana mdogo wangu" ni maneno ya heri. "Ulipomrudishia swali yule mtoto wa dirishani akajibu mara ya pili, darasa zima lilimsikiliza" ni habari, na mwalimu anaweza kuirudia kesho.

Amsaidie kuandika maandalio ya somo?

Amsaidie kuyafikiri. Maandalio ya kunakili yamejaa kila shule, na kila anayekagua anajua. Fungua andalio lolote usome sehemu ya tathmini ya mwalimu: "Asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo." Wiki hii 80, wiki ijayo 80, mada nyepesi 80, mada ngumu 80. Mlezi akifanikiwa kumfanya mwalimu mpya aandike pale "wengi wanatoa ndogo kwenye kubwa, nirudie kwa vijiti Alhamisi", amefanya kazi kubwa kuliko kumfundisha kujaza majedwali yote ya azimio la kazi.

Majedwali nayo yapo na lazima yajazwe. Azimio la kazi, andalio, shajara, rejesta ya mahudhurio: amwonyeshe mara moja jinsi shule yenu inavyotaka, ampe nakala ya mtu aliyejaza vizuri, basi.

Darasa lina watoto 120. Haya yote yanawezekana?

Kiwango kinachotajwa na serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu ada na michango ya lazima ifutwe kuanzia Januari 2016, shule nyingi ziliandikisha watoto kuliko madarasa yaliyopo, na wapo walimu wapya wanaokabidhiwa mkondo mmoja wenye watoto 120 au zaidi. Vyuoni mifano mingi ni ya darasa dogo lenye vikundi vya watu watano.

Kwa hiyo hapa ndipo mlezi mwenye uzoefu wa shule yenu ana thamani kuliko kitabu chochote. Anajua kwamba daftari 120 hazisahihishiki kwa siku, hivyo unachukua za safu mbili leo na safu mbili kesho, na mengine watoto wanasahihishana huku jibu likiwa ubaoni. Anajua kuwapanga viongozi wa madawati wakusanye daftari kabla kengele haijalia. Anajua kwamba ukiwaacha watoto 120 waje mbele kuonyesha kazi, kipindi kimekwisha. Mambo haya yanaonekana madogo kwa anayeyajua. Kwa asiyeyajua ndiyo tofauti kati ya kulala usiku na kutolala.

Vipi kuhusu viboko?

Swali hili huulizwa kwa kificho, nami nitalijibu waziwazi. Kanuni za 2002 za adhabu ya viboko zinasema: atoaye adhabu ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, kwa makosa makubwa tu, vinaandikwa kwenye kitabu, na mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwalimu wa somo atembee na fimbo akimchapa aliyekosa 52 kutoa 27.

Mwalimu mpya anaingia ofisini anaona fimbo juu ya kila meza, na anaambiwa "hawa bila bakora hawaendi". Atafuata. Mlezi ambaye mwenyewe anafundisha bila fimbo atamwokoa na kesi, na atawaokoa watoto. Mlezi mwenye fimbo mkononi hata akiyasoma maandishi ya kanuni hizo kwa sauti hatasikika. Ukiniuliza sifa moja inayoweza kumwondoa mtu kwenye orodha ya walezi hata kama ana zote nyingine, ni hii.

Mlezi aingilie mambo ya nje ya darasa?

Aingilie, kwa kiasi. Mwalimu aliyetoka Moshi akapangiwa kijiji cha Bariadi anafika hajui mtu. Nyumba ya mwalimu imejaa. Taarifa zake hazijaingia kwenye mfumo wa mishahara, na mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa. Katika wiki hizo ndipo watu wa mikopo ya riba kubwa, iitwayo kausha damu, humfikia, na kadi ya benki ikishabaki mkononi mwa mkopeshaji, mwalimu huyo atafundisha akiwa na mawazo miaka miwili mbele.

Mlezi wa maana humpeleka kwa mwenye chumba anayeaminika, humdhamini dukani kwa unga na sukari kama ana uwezo huo, humsindikiza halmashauri kufuatilia fedha za kujikimu badala ya kumwacha azungushwe peke yake, na humwambia kwa maneno machache nani asikopwe. Humweleza pia shule: kwamba siku ya mnada mahudhurio hushuka, kwamba msimu wa kulima wapo watoto watakaokuja wamechoka, na kwamba mtoto wa darasa la kwanza asiyejibu huenda hajui Kiswahili bado, kwa sababu nyumbani ni Kisukuma kitupu. Maneno kumi ya Kisukuma ya kumpokea mtoto yana kazi kuliko bango lolote la ukutani.

Upande wa sekondari shida ya lugha hugeuka: kidato cha kwanza wametoka kusoma kwa Kiswahili miaka saba, mwalimu mpya anaingia na Kiingereza cha chuo kikuu, na nusu ya darasa inanakili isichokielewa.

Mlezi mwanamume na mwalimu mpya wa kike, kuna tatizo?

Hakuna tatizo la lazima, na shule nyingine hazina chaguo. Lakini yasemwe mapema. Mazungumzo yafanyike mahali pa wazi, saa za kazi. Mlezi asimtume mwalimu mpya kazi zake binafsi, asimpe lifti za jioni za kila siku, asimtumie ujumbe usiku. Mwalimu mpya akiona dalili nyingine, amwombe mkuu wa shule abadilishiwe mlezi, na mkuu asidai maelezo marefu.

Jambo la pili ni kinyume chake: mwalimu kijana wa miaka 23 na wanafunzi wa kidato cha nne wa miaka 18. Mlezi asione haya kulitaja. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30, na kabla ya kufika huko kazi imeshakwenda. Mazungumzo ya dakika kumi wiki ya kwanza yanatosha.

Mlezi apeleke taarifa kwa mkuu wa shule?

Apeleke taarifa kwamba wanakutana na mwalimu mpya anaendelea. Yaliyosemwa yabaki. Kuna vitu vitatu visivyofichwa: mtoto anayeumizwa, mwalimu anayekaribia kujiumiza, na uvunjaji wa sheria. Hayo aseme, na amwambie mwalimu mpya mapema kwamba hayo atayasema.

Wapo wakuu wa shule wanaomtumia mlezi kama jicho lao. Wakifanya hivyo mara moja, hakuna mwalimu mpya atakayesema neno tena, naye mkuu ataendelea kupata taarifa za "hali ni shwari" mpaka siku wathibiti ubora watakapofika.

Mwalimu mpya anaujua mtaala mpya kuliko mlezi wake. Nani amlee nani?

Hali hii imekuwa ya kawaida tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024. Kijana katoka chuoni na mihtasari mipya kichwani, anajua kuingia kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kupakua kitabu kwa simu, wakati mlezi wake bado anatafuta nakala ngumu ofisi ya kata. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mlezi mwenye akili atamwomba amfundishe hadharani, kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shule chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), na heshima itawatosha wote wawili. Mlezi anayejisikia kupungukiwa kwa jambo hili hafai kulea.

Shule yetu ina walimu wanne tu. Tunamtoa wapi mlezi?

Mwalimu mkuu mwenyewe atalazimika kuifanya kazi hii, na ni bora amwambie mwalimu mpya wazi: leo nimekuja kama mlezi, ya leo hayaendi kwenye tathmini. Pia tumieni klasta, yaani kundi la shule za jirani, na Kituo cha Walimu mkiwa nacho karibu. Mlezi wa shule ya jirani anayekuja mara moja kwa mwezi na kupokea ujumbe wa sauti kwa simu katikati ya mwezi ni bora kuliko mlezi wa jina tu. Mwalimu mpya anaweza kurekodi dakika tano za kipindi chake na kumtumia. Bando likiwa tatizo, picha ya daftari tatu za watoto inatosha.

Muda wa kufanya haya unatoka wapi?

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Uingereza, tangu Septemba 2021, mwalimu mpya ana miaka miwili ya kuingizwa kazini akiwa na mlezi, na ratiba yake hupunguzwa asilimia 10 mwaka wa kwanza na asilimia 5 wa pili. Japani imewapa walimu wapya mwaka mzima wa mafunzo ya kazini tangu 1989. Sisi hatuna walimu wa kutosha kupunguza hivyo, na sitajifanya tunao. Kinachowezekana ni mkuu wa shule kupanga ratiba ili mlezi na mwalimu mpya wawe na kipindi kimoja cha wazi kinacholingana kwa wiki, na kumwondoa mlezi kwenye zamu kwa muhula huo. Asipofanya hata hilo, asitegemee kitu.

Ulezi uishe lini?

Kipindi cha majaribio katika utumishi wa umma ni miezi 12, na ni kipimo kizuri. Muhula wa kwanza wakutane kila wiki. Baada ya hapo wapunguze. Mkiona mwalimu mpya anakuja na swali ambalo tayari amejaribu majibu mawili, ameshafika.

Mlezi analipwa?

Hapana, na ahadi za posho ziachwe zisitolewe. Mkuu wa shule anachoweza kufanya ni kumwandikia barua ya uteuzi ikae kwenye jalada lake, na mlezi aingize kazi hii kwenye majukumu yake ya PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ili ihesabike wakati wa tathmini ya utendaji. Barua iandikwe mwanzoni mwa muhula. Ikisubiri Desemba haitaandikwa.